Uzi: Mwenye mashine ndiye hubanwa. Historia ya maneno yaliyozimwa Kenya, kutoka kwa kiwanda cha kuchapa hadi Facebook

1. Kila siasa ikichemka Kenya, mjadala huu unarudi. Posti imefutwa, bloga amekamatwa, ama waziri amesimama mazishini akasema mitandao imezidi. Upande mmoja unapiga kelele: uhuru wa maoni! Upande wa pili unajibu: mmesahau 2007? Wote wana hoja, lakini wote huongea kana kwamba mambo haya yalianza Facebook ilipoingia. Hayakuanza hapo. Wacha tuifuate stori tangu mwanzo. Hakuna jina la mwanasiasa wala chama humu ndani, kwa hivyo usitafute wako.

2. Shika jambo moja mapema, litakusaidia mpaka mwisho wa uzi. Mwenye nguvu akitaka kuzima neno, mara nyingi hahangaiki na aliyelisema. Wasemaji ni wengi, wanajificha, wanahama. Anamwendea mwenye mashine: mwenye kiwanda cha kuchapa, mwenye mtambo wa TV, kampuni ya simu, siku hizi kampuni ya mtandao. Mwenye mashine ana mali ya kupoteza, kwa hivyo anaogopa haraka. Na akiogopa, anakata hata yale ambayo hakuna aliyemwambia akate.

3. Tuanze enzi za mkoloni. Sheria ya uchochezi ilikuwa na maneno mapana sana. Kuamsha chuki dhidi ya serikali kulitosha kukufunga, na aliyeamua chuki ni nini ni serikali yenyewe. Katika miaka ya 1940, G. L. Vidyarthi, Mkenya wa asili ya Kihindi aliyechapisha gazeti la Colonial Times Nairobi, alifungwa kwa uchochezi. Huyu ndiye aliyechapisha pia Habari za Dunia, gazeti la Kiswahili. Waafrika walikuwa na maneno lakini wengi hawakuwa na mashine za kuchapa. Ukimfunga mwenye mashine, unanyamazisha magazeti kadhaa kwa mpigo.

4. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa. Magazeti ya Kikuyu yakapigwa marufuku, likiwemo Mumenyereri, ambalo Henry Muoria alilianzisha 1945. Muoria mwenyewe alikuwa London wakati huo, akabaki uhamishoni huko. Angalia sababu iliyotolewa: usalama. Na si kwamba usalama ulikuwa hadithi tupu, maana watu walikuwa wanauawa. Lakini marufuku haikuchagua makala ya kuchochea mauaji na makala ya kudai shamba. Yote yalifagiliwa pamoja.

5. Uhuru ulipokuja 1963, bendera ilibadilika lakini vifungu vya uchochezi vilibaki vitabuni. Watawala wapya waliona vinafaa. Novemba 1977 leseni ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, uliokuwa ukiigizwa na wanakijiji wa Kamirithu pale Limuru, ilifutwa. Desemba 31 mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Alikuwa ameandika riwaya kwa Kiingereza miaka mingi bila kufungwa. Shida ilianza wakulima walipoanza kusikia maneno hayo kwa lugha yao. Kumbuka hii habari ya lugha, tutairudia.

6. Miaka ya 1980 ikawa mibaya zaidi. 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, jarida la Beyond la baraza la makanisa liliandika jinsi mistari mirefu ilivyogeuzwa mifupi kwenye karatasi. Likapigwa marufuku, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa. 1989 likafuata Financial Review. 1990 Nairobi Law Monthly likapigwa marufuku pia. Kumiliki nakala ya chapisho lililokatazwa ilikuwa kosa. Yaani hata msomaji alikuwa mshtakiwa.

7. Vyama vingi vikarudi mwishoni mwa 1991. Ungedhani mchezo umeisha? 1993 polisi walivamia kiwanda cha Fotoform, Nairobi, kilichokuwa kinachapisha majarida ya ukosoaji, na kuharibu uwezo wake wa kufanya kazi. Ni Vidyarthi tena, miaka hamsini baadaye. Kosa la uchochezi lilifutwa kwenye sheria 1997, katika mageuzi ya kabla ya uchaguzi. Lakini tabia haifutwi na bunge. Machi 2006, usiku, maafisa waliofunika nyuso waliingia kwa nguvu ofisi na kiwanda cha Standard, wakachoma magazeti na kuzima KTN.

8. Mpaka hapo stori ni rahisi: serikali mbaya, wasemaji wazuri. Kama historia ingeishia hapo, uzi huu ungekuwa mfupi na sisi wote tungekubaliana. Lakini kuna upande wa pili, na anayeuruka hasemi ukweli wote.

9. Julai 1993 redio iitwayo RTLM ilianza kutangaza Kigali. Ilikuwa na muziki mzuri, watangazaji wacheshi, na lugha ya mtaani. Katika miezi ya mauaji ya kimbari, 1994, redio hiyohiyo ilitaja watu kwa majina na mahali walipo ili wauawe. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwapata na hatia watu watatu, wawili waliohusika na RTLM na mmoja mhariri wa gazeti la Kangura. Neno linaweza kuua. Hiyo si propaganda ya serikali, ni hukumu iliyoandikwa.

10. Ila Wakenya wengi hutaja RTLM nusunusu. Wanasema: ona uhuru wa maoni ulifanya nini Rwanda. Hapana. RTLM haikuwa sauti ya mnyonge aliyeachiwa uhuru kupita kiasi. Waanzilishi wake walikuwa karibu na watawala wenye siasa kali, na waliokuwa na nguvu ya kuizima ndio waliokuwa wanafaidika nayo. Kwa hivyo funzo la Rwanda linakata pande mbili. Maneno ya chuki ni hatari, na yanakuwa hatari zaidi yakitoka kwa wenye mamlaka. Sheria inayowalinda wenye mamlaka dhidi ya maneno ya raia haizuii RTLM hata kidogo.

11. Sasa tuje nyumbani. Desemba 30, 2007, matokeo ya urais yakatangazwa na nchi ikaanza kuwaka. Siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakakosa habari wakati walizihitaji zaidi, na pengo hilo likajazwa na SMS. Za kutisha, za kabila hili dhidi ya lile, tuma kwa watu kumi. Baadhi ya redio za lugha za mama nazo zilikuwa zimeshapandisha joto miezi ya kabla, jambo ambalo Tume ya Waki iliandika waziwazi. Tume hiyo ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Hao ni watu, si takwimu ya kurushiana kwenye mjadala.

12. Hapo ndipo tukapata maamuzi mawili ambayo ningetaka kila mtu anayezungumzia mada hii ayajue. La kwanza: serikali ilifikiria kuzima SMS nchi nzima. Michael Joseph, aliyekuwa akiongoza Safaricom, alishauri jambo jingine, kwamba laini hizohizo zitumike kupeleka ujumbe wa amani kwa wateja wote, karibu milioni 9. Ndivyo ilivyofanyika. Fikiria kama SMS zingezimwa. Mama aliyekwama Naivasha angempataje mwanawe Eldoret? Watu wangejuaje barabara gani imefungwa na vijana wenye mapanga?

13. La pili: kulikuwa na jukwaa la mtandaoni la Wakenya liitwalo Mashada. Matusi ya kikabila yalifurika mle kiasi kwamba mwendeshaji wake, David Kobia, alishindwa kuyasafisha. Januari 2008 akalifunga jukwaa la mijadala, kisha akafungua tovuti ya watu kujitambulisha kama Wakenya wasio na kabila. Huyu hakutumwa na waziri. Mwenye mashine alijiangalia, akaona chombo chake kinatumika kuumiza watu, akachukua hatua hadharani na akasema kwa nini. Mwezi huohuo Ushahidi ikaanza, raia wakiripoti ghasia kwa ramani. Mtandao uleule uliobeba sumu ukabeba pia ushahidi.

14. Kutoka kwa ile damu zikazaliwa sheria. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 iliunda NCIC na kuweka adhabu ya matamshi ya chuki: faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kisha ikaja Katiba ya Agosti 27, 2010. Soma Kifungu cha 33 vizuri. Kinakupa uhuru wa kusema, halafu kinataja vitu vinne visivyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki, na uhamasishaji wa uhasama, yaani kutukana jamii nyingine na kuchochea madhara au ubaguzi. Kinataka pia uheshimu haki na jina la mwenzako. Kumfanyia kiongozi mzaha hakumo kwenye ile orodha. Kumwambia waziri ameiba, ukiwa na ushahidi wako, hakumo.

15. Kwa hivyo kwenye karatasi tulipata usawa mzuri. Kwa vitendo? Wenye vipaza sauti vikubwa, wanaosema mambo mazito kwenye mikutano mbele ya kamera, wachache mno wamewahi kupatikana na hatia. Wanaandikishwa taarifa, kesi inakokotwa, ushahidi unapotea, na uchaguzi mwingine unafika. Wakati huohuo kijana mwenye wafuasi elfu mbili anafuatwa mpaka nyumbani. Sheria iliyozaliwa kwa ajili ya simba imekuwa inashika panya.

16. Tuone hao panya. Kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilikuwa kinaharamisha ujumbe wa kuudhi au wa kutia mtu wasiwasi: faini hadi elfu hamsini au jela hadi miezi mitatu. Kuudhi nani? Kwa kipimo gani? Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikifuta, akisema maneno yake ni mapana na hayaeleweki, raia hawezi kujua kosa liko wapi. Februari 2017 kosa la jinai la kumharibia mtu jina nalo likaanguka. Miezi michache baadaye likaanguka lile la kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma. Mahakama ilisema: ukichafuliwa jina, nenda ukadai fidia, usimtume polisi.

17. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine unafunguliwa. Mei 2018 ikapitishwa sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao. Ndani yake kuna mambo mazuri kabisa, kama kuwabana matapeli na wanaodhulumu watoto. Ndani yake pia kulikuwa na habari za uongo: faini hadi shilingi milioni 5, na kwa kifungu kimoja jela hadi miaka 10. Chama cha mabloga kikaenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa mwezi huohuo. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema viko sawa, vikaanza kufanya kazi.

18. Unataka kujua vinafanya kazi namna gani? Mei 2025 mtaalamu mmoja wa programu alitengeneza tovuti rahisi ya kumsaidia raia kutuma barua pepe bungeni kupinga mswada wa fedha. Akakamatwa, akalala ndani siku kadhaa, akashtakiwa kwa sheria hiyo ya kompyuta. Juni mahakama ikaitupa kesi, ikisema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote. Amri ya mahakama ni nzuri, lakini haimrudishii mtu zile usiku za seli, wala haiondoi woga kwa wenzake waliokuwa wanafikiria kutengeneza kitu kama hicho.

19. Mwezi huohuo wa Juni 2025, mwalimu kijana ambaye pia alikuwa bloga alichukuliwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu afisa mkuu wa polisi. Alisafirishwa mpaka Nairobi, na kufikia asubuhi ya pili alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Waliambia nchi kwamba aligonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha alipigwa na kukabwa shingo. Kwa hivyo tukisema tuwe na sheria kali ya mtandao, tusiongee kama tuko darasani. Swali ni nani atatekeleza hiyo sheria, na usiku gani, na mlango wa nani.

20. Na kuzima mitambo hatujaacha. Januari 30, 2018, kwa sababu ya hafla moja ya kisiasa Uhuru Park, vituo vikubwa vya TV vilizimwa. Februari 1 mahakama ikaamuru virudishwe, na kwa siku kadhaa amri hiyo haikutiiwa. Juni 24, 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ikasema haina mpango wa kuzima intaneti. Siku iliyofuata, maandamano yakiwa yamefika bungeni, intaneti ikasuasua nchi nzima. Kampuni zikataja hitilafu ya nyaya za baharini. Juni 25, 2025, vituo vikaamriwa kuacha kuonyesha maandamano moja kwa moja, vingine vikatolewa hewani, na mahakama ikasimamisha amri siku hiyohiyo. 2007, 2018, 2025. Dawa ni ileile na ugonjwa hauponi.

21. Sawa, serikali tumeiona. Sasa tumwangalie mwenye mashine wa leo, maana huyu si Vidyarthi. Vidyarthi alikuwa na kiwanda Nairobi na angeweza kufungwa. Huyu yuko California, ana pesa kuliko bajeti yetu, na anapata faida kila unapokasirika na kushea. Algoridhimu yake haichagui ukweli wala uongo, inachagua kitakachokushika usitoke.

22. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, mashirika ya Global Witness na Foxglove yalimjaribu. Walipeleka Facebook matangazo ya kulipia yenye matamshi ya chuki halisi ya Kenya, kwa Kiingereza na Kiswahili. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza, na sababu ikawa sarufi na matusi. Walipoyasahihisha, nayo yakapita. Watafiti waliyaondoa kabla hayajaonekana na mtu. Soma tena: mtambo ulisahihisha Kiingereza cha mtu anayeita watu wachinjwe.

23. NCIC ikakasirika na kuipa Facebook siku saba ijirekebishe au isimamishwe. Ndani ya siku chache mawaziri wakasema hakuna kitakachofungwa. Tukabaki na vitisho viwili tupu, cha tume na cha kampuni iliyodai imejiandaa. Majirani zetu Uganda walikwenda njia nyingine: Januari 2021 Facebook ilipoondoa akaunti za mtandao uliohusishwa na serikali, serikali ikaifunga Facebook, kisha intaneti nzima siku za uchaguzi. Hapo kilichowaudhi wakubwa ni kwamba kampuni ilikuwa imesafisha upande wao.

24. Tulisema tutarudi kwa lugha. Chukua neno madoadoa. Kwa mfugaji ni rangi ya ng'ombe. Kwa fundi wa nguo ni uchafu wa kutoa na sabuni. Lakini kwenye Bonde la Ufa, wakati wa uchaguzi, kuambiwa madoadoa yaondolewe ni amri ya kufukuza majirani, na kuna watu wanaolisikia hilo neno wakafunga mizigo. 2022 NCIC ilitoa orodha ya maneno ya hatari na hilo lilikuwemo. Mashine ikifuta kila madoadoa, itafuta mafundisho ya kufua nguo. Ikiacha yote, itaacha na ile amri. Anayeweza kutofautisha ni binadamu anayejua Kenya.

25. Na hao binadamu wapo. Walikuwa Nairobi. Kuanzia 2019 kampuni ya Sama ilisimamia maudhui ya Facebook ya sehemu kubwa ya Afrika, ikiajiri vijana kutoka nchi mbalimbali, kila mtu kwa lugha zake. Kazi yao: kutazama watu wakikatwa vichwa, watoto wakidhulumiwa, siku nzima, ili wewe usione. Februari 2022 jarida la TIME liliandika kwamba wengine walilipwa karibu dola 1.50 kwa saa. Januari 2023 Sama ikatangaza inaacha kazi hiyo. Zaidi ya wafanyakazi 180 wakaenda mahakamani, na wengi waliopimwa na daktari walikutwa na majeraha makubwa ya akili.

26. Meta ilijitetea kwamba haina makao Kenya, mahakama zetu haziwezi kuigusa. Mahakama ya masuala ya ajira ikakataa hoja hiyo 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema vilevile: kesi iendelee hapa. Kuna na kesi nyingine. Profesa mmoja wa kemia Ethiopia alitajwa kwenye Facebook pamoja na picha yake, akasingiziwa, na Novemba 2021 akapigwa risasi nje ya nyumba yake Bahir Dar. Mwanawe anasema aliripoti zile posti na hakusikilizwa kwa wakati. Alishtaki Nairobi, kwa sababu waliokuwa wakisimamia posti hizo walikuwa Nairobi. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza.

27. Naona hii ndiyo sehemu mpya kabisa ya historia yetu. Tangu enzi za mkoloni tulijua njia mbili tu: serikali ibane mwenye mashine, au mwenye mashine afanye apendavyo. Kesi hizi zinatafuta njia ya tatu, ambapo raia mwenyewe anamwita mwenye mashine mbele ya jaji na kumuuliza: ulijua nini, uliambiwa lini, ulifanya nini? Hakuna waziri katikati.

28. Wengine watasema mahakama ni polepole, na chuki husambaa kwa dakika. Kweli. Na Shakahola je? Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia 2023, na mahubiri ya mhubiri anayeshtakiwa yalikuwa yamesambaa kwa TV na YouTube miaka mingi. Kwa hivyo siungi mkono wanaosema kila kitu kiachwe. Oktoba 2025 sheria ya kompyuta ilirekebishwa ili tovuti zinazoeneza mambo kama itikadi za kidini za kupotosha na unyanyasaji wa watoto ziweze kufungwa. Lengo huwezi kulipinga. Lakini mwezi huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za mabadiliko hayo zinazohusu unyanyasaji wa mtandaoni, baada ya kulalamikiwa kwamba maneno yalikuwa mapana. Bado hatujajifunza kuandika sheria nyembamba.

29. Kipimo kipo, na kina mkono wetu. Umoja wa Mataifa uliitisha warsha sehemu mbalimbali za dunia, moja ikiwa hapa Nairobi 2011, na matokeo yake yakawa Mpango wa Rabat wa 2012. Unauliza mambo sita kabla mtu hajafungwa kwa maneno. Hali ya nchi ikoje? Anayesema ni nani, ana ushawishi gani? Alikusudia nini? Alisema nini hasa? Yamefika kwa watu wangapi? Je, kuna uwezekano wa kweli kwamba watu wataumizwa? Pima mwanasiasa mwenye umati na kipaza sauti, halafu pima mwanafunzi aliyechora kibonzo. Utaona ni nani alipaswa kufuatwa kwanza.

30. Kwa hivyo mjadala ukianza tena, na 2027 utaanza kwa kishindo, usikubali kuulizwa kama uko upande wa uhuru au upande wa amani. Ni swali la mtego. Uliza haya. Nani anafuta, na anajulikana? Anatumia kanuni gani, na mimi naweza kuisoma? Nikifutiwa kimakosa, nakata rufaa wapi? Anayekagua anajua Kiswahili, Sheng, Kikalenjin, Kisomali, na analipwa kama mtu? Na je, kinachozuiwa ni neno la kuua jirani, au ni neno la kumkera mkubwa?

31. Na sisi wenyewe tuna kazi. Wakati wa uchaguzi wa 2013 watafiti wa mradi wa Umati, waliokuwa iHub, waliona jambo Twitter: mtu akiposti ukabila, Wakenya wenzake walimvamia, wakamwaibisha mpaka anafuta au anaomba msamaha. Hakuna polisi, hakuna kampuni. Hiyo tabia imepungua, nafasi yake imechukuliwa na mabloga wa kukodiwa na hashtegi za asubuhi. Lakini bado iko mikononi mwetu. Ukiona posti ya kuita watu madoadoa kutoka upande wako, wa kwanza kuikataa uwe wewe. Ukingoja waziri aikatae, atakuja na rungu lilelile la 1952, na halitaangalia nani alisema nini.

Mwisho wa uzi. Mwenye nyongeza ya historia aweke hapa chini, matusi apeleke kwao.